Mwezekaji Naye Apate Kivuli

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii tumeikariri tangu tukiwa madarasa ya chini, tukaipachika katika insha zetu, na walimu wetu wakatutilia alama ya vyema kwa wino mwekundu. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuinua macho wakalitazama paa la darasa lile lile walimoikariri, wakajiuliza ni nani aliyeliunda? Jahazi huelea machoni pa watu, na nahodha wake hujulikana kwa jina. Paa huelea juu ya vichwa vyetu usiku na mchana, masika na kiangazi, wala hapatikani amjuaye aliyelipandisha huko. Huulizwa habari zake siku moja tu, nayo ni siku linapovuja.

Mimi ni mmoja wa hao wasiojulikana. Nimeifanya kazi ya kuezeka mapaa kwa muda wa miaka 24. Nilianzia Kisauni, Mombasa, nikapanda hadi Voi na Machakos, kisha riziki ikanipeleka Nakuru na Kericho. Magoti yamekwisha kuanza kunidai deni la ngazi nilizozipanda, nami nimeona nishike kalamu kabla sijaitua nyundo, niwaeleze walimu na wanafunzi tamu na chungu ya kazi hii. Sikusudii kuipamba ikafanana na pepo, wala kuipaka matope. Nitakalo ni kuthibitisha jambo moja tu: kwamba sehemu kubwa ya chungu hiyo haitoki katika kazi yenyewe. Jua, mvua na kimo ni vya Mungu, na dawa yake ni tahadhari. Lakini dharau, mapatano ya mdomo na kuachwa bila bima ni vya binadamu, na fundo lililofungwa na binadamu hufunguliwa na binadamu.

Tuanze na lugha, kwa kuwa lugha ndiyo shahidi wa kwanza wa ujuzi. Wenyeji wa pwani yetu hawakutosheka na kitenzi kimoja kwa kazi hii. Kupaua ni kusimamisha kiunzi cha paa, yaani miti au mbao zitakazobeba uzito wote. Kuezeka ni kukifunika kiunzi hicho kwa makuti, nyasi, vigae au mabati. Kuezua ni kukifunua, ama kwa mkono wa fundi ama kwa nguvu za upepo. Kila kipande cha kiunzi nacho kina jina lake. Mti ulazwao juu ya ukuta ni mtambaapanya, na aliyeupa jina hilo hapana shaka alilala macho usiku mwingi akisikiliza nyayo za wapangaji wake. Miti inayoinama kutoka kileleni hadi ukutani ni makombamoyo. Ile myembamba inayokingama juu ya makombamoyo ni pau. Na juu kabisa, zinapokutana pande mbili za paa, hulala mwamba.

Mzee aliyenifunza kazi hakupata kukaa darasani hata siku moja, lakini hakunikabidhi nyundo hadi nilipoyataja majina hayo yote bila kusita. "Mwanangu," aliniambia, "kitu usichokijua jina utakiagizaje ukiwa juu?" Siku hizi mbao za sipresi zimechukua mahali pa boriti za mikoko, na mabati yamechukua mahali pa makuti, majina hata hivyo yanafaa vile vile. Watu wasio na elimu hawatungi istilahi za namna hii. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta somo la msamiati lenye uhai asiende mbali. Na awapeleke wanafunzi wake penye nyumba inayopauliwa.

Mwalimu wa hisabati naye ana fungu lake. Chukua nyumba yenye upana wa futi 24. Nusu ya upana huo ni futi 12. Mwenye nyumba akitaka kilele cha paa kiwe futi 5 juu ya ukuta, kombamoyo litakuwa na urefu gani? Kanuni ya Pythagoras inajibu: 12 mara 12 ni 144, 5 mara 5 ni 25, jumla ni 169, na kipeuo chake cha pili ni 13. Fundi huongeza futi 2 za upenu ili mvua isiupige ukuta, akapata futi 15. Ikiwa urefu wa paa, pamoja na upenu wa pande zote mbili, ni futi 34, basi upande mmoja wa paa ni futi 510 za mraba, na pande zote mbili ni 1,020. Sasa mwenye nyumba abadili nia, atake kilele cha futi 9 ili nyumba ionekane kutoka barabarani. Kombamoyo litakuwa futi 15, na upenu 2, jumla 17. Paa zima litafika futi 1,156 za mraba. Tamaa ya futi 4 za kimo imekwisha kudai futi 136 za mraba za mabati, licha ya mbao za ziada na bila kuhesabu sehemu zinazopandana. Nimeyafanya mahesabu haya kwa kipande cha mkaa juu ya ubao mara zisizohesabika, mbele ya wenye nyumba waliodhani kwamba mimi hukisia.

Fauka ya hesabu, iko elimu ya upepo. Wengi hudhani kwamba upepo huliharibu paa kwa kulisukuma. Waama, upepo unapopita kwa kasi juu ya paa, mgandamizo wa hewa upande wa juu hupungua, ilhali hewa iliyo ndani ya nyumba husukuma kutoka chini, hasa mlango au dirisha likiwa wazi. Paa huinuliwa mithili ya bawa. Kwa hiyo hofu kubwa ya mwezekaji wa mabati ni paa kupaa, zaidi ya kuanguka. Ndiyo maana sisi hung'ang'ania kwamba mtambaapanya ufungwe kwa ukanda wa chuma uliozamishwa ukutani mawe yangali yakipangwa. Ukanda huo ni kitu cha bei ndogo, tena hauonekani baada ya plasta kupakwa. Na kwa kuwa hauonekani, ndio wa kwanza kuachwa na mwenye kubana matumizi. Kila msimu wa mvua tunasoma habari za shule ambazo mapaa yake yameezuliwa. Magazeti husema upepo ulikuwa mkali. Mimi husoma nikajiuliza kama ukanda ulikuwapo.

Yapo na mengine mengi. Msumari hupigiliwa juu ya mgongo wa bati, kamwe si katika bonde lake, kwa sababu maji hupita bondeni. Mabati huanza kulazwa kutoka upande usiopigwa na upepo mkuu, ili ukingo wa kila bati uupe upepo huo kisogo; huko Kisauni mzee wangu hakupanda ngazi kabla ya kuuliza kusi huipigaje nyumba. Bati la mita 3 likitoka katika baridi ya alfajiri likaingia katika joto la adhuhuri huweza kurefuka kwa takriban milimita 1, ndiyo sababu paa hulia jioni linapopoa, watoto wakadhani kuna mtu juu. Na katika mabati, kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Mnunuzi asiyelijua hilo hufurahia namba kubwa, kumbe amenunua karatasi.

Sasa niseme juu ya tamu. Mwashi hujenga ukuta kwa miezi. Ukuta ukakaa wazi ukinyeshewa, mbuzi wakalala ndani yake. Mwezekaji huja, na katika siku chache kile kiwanja huwa nyumba. Hakuna kazi niijuayo ambayo matokeo yake huonekana upesi hivi. Nakumbuka nyumba ya mjane mmoja huko Machakos, aliyenunua mabati yake mawili mawili kwa fedha za chama, akayahifadhi chini ya kitanda kwa muda wa miaka mitatu. Siku tulipopigilia bati la mwisho, wenzake wa chama walipiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna harusi. Akina mama wa nchi hii wana historia na mabati. Katika Kenya ya Kati, miaka ya 1960 na 1970, waliunda vikundi vya kuchangiana ili kila mwanachama apate kuondokana na paa la nyasi, apate na maji safi ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye bati. Vikundi hivyo vilijulikana kama vikundi vya mabati. Mtu anayeezeka nyumba ya namna hiyo hajioni kuwa kibarua; hujiona kuwa ametia mkono katika jambo kubwa.

Tamu nyingine ni uhuru. Fundi mwenye mkono mzuri hubeba riziki yake katika mfuko mmoja: nyundo, msumeno, makasi ya bati, pimamaji, timazi na uzi. Popote panapojengwa pana kazi yake. Kwa mfuko huo nimewasomesha watoto wanne, na wawili kati yao wamefika chuo kikuu. Siku hizi nawaona hata wasichana wakipanda makombamoyo, na sijaona kombamoyo lililouliza jinsia ya anayelipanda. Na ipo tamu ya siri ambayo kila mwezekaji anaijua. Mvua ya kwanza inaponyesha usiku, wengine hujifunika blanketi; sisi hulala tukizihesabu nyumba tulizoezeka, tukijua kwamba ndani yake kuna watu waliolala wakavu.

Baada ya tamu, chungu. Ya kwanza ni ile ya Mungu niliyoitaja. Kufikia saa sita mchana bati haligusiki kwa mkono mtupu. Jua hukupiga kutoka juu, na mng'ao wa bati hukupiga kutoka chini, ukawa kama samaki kati ya mikaa miwili. Mvua ikinyesha, bati huteleza kuliko sabuni. Nilipokuwa Kericho, eneo linalosifika pamoja na Nandi kwa mvua ya mawe, tulijifunza kuyatazama mawingu ya alasiri kama mchungaji amtazamavyo chui. Wingu likijikunja, tulishuka, kazi imekwisha au haijakwisha. Halafu ni kazi ya msimu. Kabla ya masika kila mtu humtafuta mwezekaji, tena kila mtu anataka leo. Masika yenyewe yakianza, Aprili nzima fundi hukaa akitazama mchirizi wa maji, na karo ya shule haingojei kiangazi.

Chungu hizo twazivumilia, kwa kuwa tuliikubali kazi tukizijua. Zinazotuvunja moyo ni zile nyingine. Mwezekaji huja mwisho, na anayekuja mwisho hukuta fedha zimekwisha. Mwenye nyumba amelipa mchora ramani, amelipa mawe, mchanga, saruji na mwashi. Anapofika kwenye paa mfuko umetoboka, naye humtazama mwezekaji kama mtu aliyekuja kumnyang'anya kilichosalia. Katika majengo makubwa, mkandarasi hutupa kazi kwa jumla: "Paa hili lote, kiasi kadha, malizeni." Hapana karatasi. Sisi huleta wasaidizi, twagawana tulichopewa. Kazi ikiisha, nusu ya malipo hubaki katika ahadi, na ahadi hubaki katika simu isiyoshikwa. Ahadi ni deni, wahenga walisema. Lakini deni lisiloandikwa ni vigumu kulidai hata mbele ya chifu.

Tena kuna majaribu. Mkandarasi mmoja, nisiyependa kumtaja, alimtoza mwenye jengo bei ya mabati ya geji 28, kisha akaleta ya geji 32. Mwezekaji ndiye mtu wa kwanza kujua, kwa kuwa vidole vyake havidanganyiki. Aliniambia nifumbe macho, nitaongezewa kidogo. Nilikusanya vyombo vyangu nikashuka. Nilikosa malipo ya siku tisa, na jengo likaezekwa na wengine. Nalisimulia hili ili mwanafunzi ajue kwamba uaminifu katika fani hii una bei, na anayeulipia mara nyingi ni mnyonge. Lau ningekuwa na mkataba, ningedai siku zangu tisa na bado nikausema ukweli.

Lakini chungu kuliko zote ni hii. Mwaka 2009 tulikuwa tukiezeka jengo la maduka katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Miongoni mwetu alikuwamo kijana wa miaka 19, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, mwepesi wa mkono na wa akili. Hapakuwa na jukwaa la kusimamia wala mkanda wa usalama. Mkandarasi alikuwa ameahidi kuvileta tangu Jumatatu, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Upau mmoja, uliokatwa katika mbao mbichi yenye fundo, ulivunjika chini ya mguu wake. Alianguka futi 18 hadi sakafuni. Hakufa. Uti wa mgongo ulivunjika, na tangu siku ile hajasimama tena. Mkandarasi alitoa nauli ya kumpeleka hospitali, kisha simu yake ikanyamaza. Tulipompata baada ya wiki mbili, alijibu kwa utulivu kwamba kijana yule hakuwa mwajiriwa wake. Yeye alitoa kazi kwa jumla, na aliyepanda paa alipanda kwa hiari yake. Tulifanya harambee. Baba yake, yule mwalimu, alikopa katika chama cha ushirika, akawa analipa deni hilo kwa miaka mingi kutoka katika mshahara wa chaki.

Jengo la Huruma, Nairobi, lilipoporomoka Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40, taifa zima lilishika tama, na ilikuwa haki. Lakini waezekaji huanguka mmoja mmoja. Hakuna king'ora, hakuna kamera, wala hapaundwi tume kwa ajili ya mtu mmoja. Msiba wetu hugawanywa vipande vidogo vidogo, kila boma likabeba chake kimya kimya.

Msomaji atauliza: je, nchi haina sheria? Inazo, tena nzuri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wanaofanya kazi kwake. Sheria ya Fidia za Majeraha ya Kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka awakatie bima wafanyakazi wake. Sheria ya Ajira, nayo ya 2007, inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja asichukuliwe tena kuwa kibarua wa kutwa. Mwaka 2011 ikatungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo husajili wakandarasi na kuwatambua mafundi na wasimamizi. Tatizo ni kwamba paa halichukui miezi mitatu. Aghalabu halichukui hata mwezi. Huchukua siku sita, siku kumi, wiki tatu. Kisha fundi huhamia kwingine kwa mtu mwingine. Kazi yetu hupita katikati ya matundu ya wavu wa sheria kama dagaa. Na ile kauli ya "kazi kwa jumla" ndiyo tundu kubwa kuliko yote, maana humgeuza kibarua kuwa mkandarasi kwa neno moja tu, bila kumpa faida hata moja ya ukandarasi.

Kwa nini mafundi hukubali? Jibu la haraka ni umaskini. Mimi naongeza la pili: tulifundishwa kujidharau, na somo hilo lilianzia shuleni. Ni mwanafunzi gani wa Kenya ambaye hajasikia mwalimu akimwambia mzembe, "Endelea hivyo hivyo, utaishia kupigilia misumari"? Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumtia mtoto hamu ya kusoma. Lakini watoto arubaini waliosikia waliondoka na imani kwamba msumari ni adhabu. Baadhi yao leo ni wakandarasi, wengine ni wenye nyumba, wengine ni mahakimu, na wengine ni sisi tulio juu ya mapaa. Mtu anayeamini kwamba kazi yake ni adhabu hawezi kudai mkataba. Nani amewahi kudai mkataba wa kuadhibiwa?

Na ajabu ni kwamba taifa hili limejaribu mara kadhaa kuliondoa wazo hilo. Mwaka 1966 baraza la makanisa nchini lilitoa ripoti iliyouliza vijana wamalizao shule waende wapi, na kutokana na ripoti hiyo vyuo vya ufundi vya vijijini vikazaliwa. Mwaka 1985 ulikuja mfumo wa 8-4-4 uliosisitiza kazi za mikono. Wazazi wakajenga karakana kwa harambee, ingawa nyingi zilikosa vifaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yalipunguzwa kwa sababu yalionekana kuwa mzigo. Kisha ukaja mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa shuleni mwaka 2017, unaotaka mtoto apimwe kwa anachoweza kutenda. Mitaala imebadilika na majina yamebadilika, lakini ile sentensi ya mwalimu bado iko pale pale. Mtaala hauwezi kuushinda ulimi wa anayeufundisha.

Basi niwaombe walimu jambo moja. Acheni kuutumia ufundi kama kiboko cha kuwatishia wanafunzi wazembe. Mwambieni mtoto ukweli: kwamba mzembe hafai darasani, na juu ya paa hafai zaidi, kwa sababu darasani akikosea hupoteza alama, na huko juu hupoteza uti wa mgongo. Mwanafunzi wenu bora katika jiometri aweza kuwa mwezekaji bora. Si aibu, wala si hasara ya karo. Na somo la uraia lisiishie katika mihimili mitatu ya serikali. Mfundisheni kijana kuandika mkataba wa ukurasa mmoja: nani ameajiri nani, kazi gani, malipo kiasi gani na lini, nani analeta jukwaa na mikanda, nani analipa bima. Insha ya namna hiyo itamfaa maishani kuliko insha kumi za safari ya mbugani ambako hakufika.

Kwenu wanafunzi, nasema hivi. Kazi hii italisha familia ya anayeijua vyema, nayo itamtesa anayeiingilia kwa kubahatisha. Ukiichagua, ichague mapema, usingoje ikuchague wewe. Nenda chuo cha ufundi, fanya majaribio ya serikali ya daraja la tatu, la pili, hata la kwanza. Ikiwa tayari umejifunza kazi mikononi mwa mzee kama nilivyojifunza mimi, usidhani umechelewa. Upo sasa utaratibu wa serikali wa kumpima mtu na kuutambua ujuzi alioupata nje ya darasa. Nilipata cheti changu nikiwa na umri wa miaka 38, nikiwa nimekaa kwenye dawati na vijana wa rika la mwanangu, na tangu siku hiyo wakandarasi walianza kuniita kwa jina langu. Halafu jifunze kusema maneno haya matatu: "Sipandi bila mkanda." Wa kwanza kuyasema atafukuzwa. Wakiyasema wote, hakuna wa kufukuza.

Nanyi mnaojenga, na walimu wengi ni miongoni mwenu kwa kuwa mikopo ya ushirika hujenga nyumba nyingi nchini, tengeni fungu la paa kabla ya kununua jiwe la kwanza, ndani ya fungu hilo mkihesabu jukwaa, mikanda na bima ya wale watakaopanda. Mkimkabidhi mkandarasi kazi, muulizeni kwa maandishi nani atakuwa juu na nani atamtibu akianguka. Swali hilo halina gharama, na mara nyingi kijana mmoja huweza kushuka salama kwa sababu tu mwenye nyumba aliliuliza.

Kesho asubuhi, mwalimu, kengele ikilia, wape wanafunzi wako zoezi hili kabla hujafungua kitabu. Wapime upana wa darasa, wakadirie kimo cha kilele, wapige hesabu ya kombamoyo. Kisha waulize katika kijiji ni nani aliyeliezeka. Akipatikana, mwalikeni aje asimame mbele ya ubao kwa kipindi kimoja, awaeleze watoto jinsi alivyolifunga ili upepo usilichukue. Atakuja, mwalimu. Katika miaka yangu 24 nimeezeka madarasa mengi, na bado nangoja shule moja iniite.